Mkutubi wa sheria chuoni halindi vitabu pekee

WATU wengi wanapomfikiria mkutubi, huona mtu aketiye nyuma ya meza, mhuri mkononi, akiwanyamazisha wasomaji wanaonong'ona.

Picha hiyo, hata kama ina chembe ya ukweli, haimfai kamwe mkutubi wa sheria katika chuo kikuu.

Huyu ana jukumu ambalo wenzake wa fani nyingine hawalibebi kwa uzito uo huo. Jukumu lenyewe ni kuhakikisha kwamba sheria inayosomwa ni sheria ambayo ingali na nguvu.

Kitabu cha historia kilichochapishwa 1965 hakimdhuru sana msomaji wa leo. Lakini kitabu cha sheria cha mwaka huo chaweza kumpotosha mwanafunzi, kisha kumpotosha wakili, na hatimaye kumgharimu mteja shamba au uhuru wake.

Ubaya wa sheria iliyokufa ni kwamba haitoi harufu. Hukaa rafuni ikiwa na jalada lile lile na lugha ile ile ya kuamuru, na asiyejua huinukuu kana kwamba ilipitishwa jana.

Kesi ya Muruatetu

Mfano ulio wazi ni wa kesi ya Francis Karioko Muruatetu na mwenzake dhidi ya Jamhuri.

Mnamo Desemba 14, 2017, Mahakama ya Juu iliamua kwamba kifungu cha 204 cha Sheria ya Adhabu, Sura ya 63, kilikiuka Katiba kwa kumlazimisha jaji kumhukumu kifo kila anayepatikana na hatia ya mauaji. Adhabu ya kifo yenyewe haikufutwa. Kilichoondolewa ni ule ulazima.

Kwa kuwa kifungu cha 163(7) cha Katiba ya 2010 kinazitaka mahakama nyingine zote kufuata maamuzi ya Mahakama ya Juu, uamuzi huo ulienea upesi. Baadhi ya mahakama ziliutumia kupunguza adhabu hata katika kesi za wizi wa mabavu na makosa ya ngono.

Ndipo Julai 6, 2021, Mahakama ya Juu ilipotoa maelekezo kwamba uamuzi wake ulihusu kesi za mauaji pekee.

Mwanafunzi aliyesoma hukumu ya 2017 kisha akafunga kitabu, angeandika hoja tamu iliyokwisha kuvunjwa miguu. Mkutubi mwenye uzoefu humzuia kwa swali moja fupi: "Kesi hii ilizungumziwa tena wapi baadaye?"

Swali hilo ndilo uti wa mgongo wa kazi yote.

Kuchomoa na kupachika

Kabla ya enzi ya intaneti, swali hilo lilijibiwa kwa mikono. Sheria za Kenya zilihifadhiwa katika majalada yenye kurasa za kuchomolewa. Bunge lilipobadilisha sheria na kurasa mpya kuchapishwa, mkutubi alizitoa zile za zamani na kuzipachika mpya, moja baada ya nyingine.

Ilikuwa kazi ya kuchosha, na isiyopigiwa makofi. Hata hivyo, ukurasa mmoja ukipachikwa pasipo pake, kifungu kizima kilipotea machoni pa wasomaji.

Aidha, mkutubi hulifuatilia kwa makini Gazeti Rasmi la Serikali, ambalo lilianza kuchapishwa 1899. Humo ndimo hutangazwa kanuni, uteuzi na tarehe za sheria kuanza kutumika. Sheria inaweza kupitishwa na Bunge na kutiwa saini na Rais, lakini ikawa bado inasubiri siku yake ya kuanza kazi. Asiyelisoma Gazeti Rasmi hawezi kuijua siku hiyo.

Msomaji atauliza: basi sheria ikifutwa, mbona kitabu chake kisitupwe?

Jibu limo katika migogoro ya ardhi. Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa, Sura ya 300, ilifutwa 2012 pamoja na sheria nyingine kadhaa, na mahali pake pakachukuliwa na Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka huo. Hata hivyo, haki zilizopatikana chini ya sheria hizo kuukuu ziliendelea kulindwa.

Mjukuu anayetetea hatimiliki aliyoachiwa na babu yake tangu miaka ya 1970 hawezi kueleza haki yake kwa sheria ya 2012 pekee. Ni lazima mtu amtafutie ile ya zamani, kama ilivyosomeka siku ile babu alipoandikishwa kuwa mwenye shamba.

Isitoshe, Sheria ya Mahakama, Sura ya 8, inairudisha Kenya nyuma zaidi. Kifungu chake cha tatu kinaruhusu mahakama kutumia kanuni za sheria zilizokuwa zikitumika Uingereza mnamo Agosti 12, 1897, mradi ziafikiane na hali ya Kenya na wakazi wake. Kwa hivyo, vitabu vya Kiingereza vya karne ya 19 si mapambo katika maktaba ya sheria ya Nairobi au Eldoret.

Mkutubi basi huhifadhi zilizo hai na zilizokufa, ila ni sharti ajue ipi ni ipi. Wahenga walinena kwamba mali bila daftari huisha bila habari.

Pengo la hukumu

Mafunzo ya sheria katika vyuo vya Afrika Mashariki yalianzia Dar es Salaam mnamo 1961. Chuo Kikuu cha Nairobi kilifuata 1970, nacho Chuo Kikuu cha Moi kikaanza 1994.

Wanafunzi wa awali walitegemea ripoti za kesi za Afrika Mashariki, ambazo zilianza kuchapishwa 1957 na kukusanya maamuzi ya mahakama za kanda hii. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977, mahakama yake ya rufaa pia ilitoweka.

Kwa miaka mingi baada ya hapo, hukumu nyingi za Kenya hazikuchapishwa kwa utaratibu. Katika nchi ambapo uamuzi wa jaji huwa sehemu ya sheria, hilo lilikuwa janga la kimyakimya. Aliyekuwa na nakala ya hukumu alikuwa na silaha. Asiyekuwa nayo alikwenda kortini mikono mitupu.

Pengo hilo lilianza kuzibwa na sheria ya 1994 iliyounda Baraza la Kitaifa la Kuripoti Sheria, linalofahamika sasa kama Kenya Law. Tovuti yake huwapa wananchi hukumu, sheria na Gazeti Rasmi bila malipo.

Kuna waliodhani kwamba tovuti hiyo ingemfanya mkutubi kuwa mtu wa ziada. Kinyume chake, imemwongezea kazi. Mwanafunzi aliyekosa hukumu jana, leo anaandika neno moja kwenye kompyuta na kuletewa maelfu, asijue ipi ya kushika na ipi ya kuacha.

Mwalimu asiye na darasa

Hapo ndipo mkutubi hugeuka mwalimu. Humfundisha mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kusoma anwani ya kesi: mwaka, herufi na nambari. Akiona KESC ajue ni Mahakama ya Juu. KECA ni Mahakama ya Rufaa. KEHC ni Mahakama Kuu. Herufi hizo nne humweleza papo hapo uamuzi una uzito gani, na ni mahakama gani zinazopaswa kuufuata.

Pia humwonyesha jinsi ya kutumia hazina za kigeni kama vile LexisNexis, Westlaw na HeinOnline. Hizi hulipiwa ada, na chuo kikikosa kulipa, mlango hufungwa hata katikati ya muhula. Ili kupunguza mzigo, maktaba za Kenya ziliungana 2003 katika muungano wa KLISC, ambao hununua kwa pamoja haki ya kusoma majarida ya kielektroniki.

Hata hivyo, upo mpaka ambao mkutubi havuki. Mwananchi akimjia na barua ya kufukuzwa kazini na kumuuliza kama atashinda kesi, mkutubi atamwonyesha sheria ya ajira ilipo, lakini hatamwambia afanye nini. Kutoa ushauri wa kisheria ni kazi ya wakili aliyeidhinishwa.

Kukaa ndani ya mpaka huo huhitaji hekima, hasa anayeuliza anapokuwa na machozi machoni.

Kesi za kubuniwa

Changamoto mpya imeletwa na programu za akili bandia ambazo huandika majibu kwa ufasaha wa kutisha.

Mnamo Juni 2023, jaji mmoja wa New York, Marekani, aliwatoza mawakili wawili pamoja na kampuni yao faini ya dola 5,000. Katika kesi dhidi ya shirika la ndege la Avianca, walikuwa wamewasilisha hoja zilizonukuu hukumu ambazo hazikuwahi kutolewa na mahakama yoyote. Zilibuniwa na programu ya ChatGPT, zikiwa na majina ya wahusika na nambari zilizofanana na za kweli.

Kinga dhidi ya aibu kama hiyo ni mazoea yale yale ambayo wakutubi wamekuwa wakiyasisitiza tangu zamani. Usinukuu kesi ambayo hujaifungua. Hakikisha mahakama, mwaka na nambari. Kisha tazama kama ingali na nguvu.

Anayetaka kuingia katika kazi hii nchini huanza kwa masomo ya ukutubi au sayansi ya habari, kama yale yaliyoanzishwa katika Chuo Kikuu cha Moi mnamo 1988, kisha hujifunza sheria akiwa kazini. Nchini Marekani, wengi wa wakutubi wa sheria vyuoni huwa na shahada mbili, ya ukutubi na ya sheria.

Zaidi ya vyeti, huhitaji subira, jicho la kuona herufi iliyokosewa, na moyo wa kufurahia ushindi ambao jina lake halitatajwa.

Hakimu hatamshukuru mkutubi katika hukumu, wala mteja hatamjua. Lakini wakili akisimama kortini na kutaja sheria iliyo hai, huenda ni kwa sababu miaka mingi nyuma, alipokuwa mwanafunzi, kuna mtu aliyekataa kumwacha atoke maktabani na nusu ya jibu.