Lami Laini kwa Gari, Mawimbi kwa Ndege

Msomaji mmoja ameuliza: iweje njia ya kurukia ambayo gari la uwanjani hupita bila kutikisika imtikise rubani hadi ashindwe kusoma vipimo vilivyo mbele yake?

Mashimo na nyufa tuyaache, hayo kila mtu huyaona. Kisa kiko kwenye mawimbi: lami inayopanda na kushuka sentimita chache tu katika urefu wa mita 50, pengine kwa sababu udongo wa chini umetitia. Gari la kilomita 80 kwa saa hukutana na wimbi la namna hiyo kila baada ya sekunde mbili na ushei. Dereva hana habari. Ndege inayokaribia kuruka, kwa kilomita 250 kwa saa, hukutana nalo takribani mara 1.4 kila sekunde. Utamu uko hapo, maana ndege kubwa nayo huyumba kwa mapigo yake yenyewe, mara moja hadi chache kwa sekunde.

Mtazame mchukuzi wa maji mwenye mzega: mwanzi begani, debe mbele, debe nyuma. Mwanzi una mdundo wake. Hatua zikipishana nao, madebe hutulia. Zikilingana nao, kila hatua huongeza kidogo juu ya iliyotangulia, ncha zikapanda na kushuka, maji yakamwagika, ilhali begani mwanzi hausogei sana. Katika ndege, bega ni magurudumu makuu, na rubani ameketi kwenye debe la mbele. Concorde, yenye pua ndefu nyembamba, ilijulikana kwa mtikisiko huo. Mchukuzi mzoefu hubadili mwendo. Rubani hawezi, sharti afikie kasi ya kuruka.

Njia ya kurukia ya 28R katika uwanja wa ndege wa San Francisco ililalamikiwa na marubani hadi ikatandikwa lami upya. Sura yake ya zamani sasa hutumika Marekani kukadiria mizigo ambayo ndege mpya lazima ihimili.

Uzito na aina ya ndege hubadilisha hesabu, lakini kanuni ni hiyo. Kwa hiyo kipimo cha barabara kiitwacho IRI, kinachoiga gari la kilomita 80 kwa saa, hakifai hapa. Mbinu ya Boeing, iliyoingia kwenye mwongozo wa FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, mwaka 2009, hutazama mawimbi ya urefu wa hadi mita 120, ila hupima tuta mojamoja, na kinachomwaga maji ni mfululizo. Wahandisi wapime sura ya njia nzima, kisha waipitishie ndege ya kwenye kompyuta kwa kasi ya kuruka. Hapo watajua wimbi lipi la kukwangua kwanza.