Vimulimuli vya sola Dodoma: taa zinauzwa, betri hazipatikani

Kwenye kata za pembezoni mwa Jiji la Dodoma, Zuzu ikiwamo, watu huhamia nyumba kabla ukuta haujapigwa rangi na kabla mti wa kwanza haujashika. Bustani ndiyo huchelewa kuliko vyote. Mvua ya huku ni ya Desemba hadi Aprili, haizidi sana milimita 600 kwa mwaka, na maji ya bomba yana kazi za haraka zaidi kuliko kumwagilia maua. Hapo ndipo taa ndogo za sola zilipopata soko: zinapamba ua ambao kiangazi kimeukausha.

Zinazotafutwa zaidi sasa ni zile za kuiga vimulimuli. Kuna za uzi, zinazozungushwa kwenye mwarobaini au kwenye ukuta, na kuna za kuchomeka ardhini, zenye vijiti vyembamba vinavyoyumba upepo ukivuma. Wateja ni wa aina mbili. Wa kwanza ni wenye nyumba, wengi wao watumishi waliofika baada ya serikali kuanza kuhamia Dodoma mwaka 2016. Sensa ya 2022 iliwakuta wakazi 765,179 katika jiji hili, kutoka takriban 411,000 waliohesabiwa 2012, kwa hiyo nyua mpya si chache. Wa pili ni wapambaji wa kumbi na bustani za sherehe, ambao hawanunui taa ya kukaa nayo bali ya kukodisha: sendofu leo, kipaimara kesho. Hawa wananunua kwa wingi, na pia ndio wanaolalamika mapema zaidi.

Mzigo wenyewe unatoka China, sehemu kubwa kwenye soko la Yiwu, jimbo la Zhejiang, ambalo ndilo linaloilisha dunia mapambo ya Krismasi. Unashuka Dar es Salaam, unapita Kariakoo, kisha unapanda Dodoma kwa lori au kwenye buti la basi. Hakuna muuzaji wa Dodoma anayejaza kontena la vimulimuli peke yake. Wanachangia, mzigo wa kichele, taa zikisafiri pamoja na vyombo vya plastiki na maua bandia.

Mfanyabiashara mmoja wa rejareja, ambaye duka lake linahudumia Zuzu, Nala na Mkonze, anasema shida yake haiko kwenye bei ya kununulia wala kwenye nauli. Shida ni betri. Anaeleza kuwa mteja hurudi baada ya miezi michache akiwa na taa isiyowaka, akidhani ameuziwa feki. Ukiifungua, kila kitu ni kizima isipokuwa betri moja ndogo. Betri ya kuchaji ya aina hiyo, kwa maelezo yake, haipatikani kirahisi mjini, na ikipatikana bei yake inakaribia bei ya taa nzima. Mteja anaamua kununua taa nyingine au kuachana nazo. Yeye amechoka kuonekana tapeli na majirani zake mwenyewe.

Lalamiko hilo lina msingi wa kiufundi. Ndani ya kila taa kuna kijipaneli, betri ya volti 1.2 na chipu ndogo ya miguu minne. LED nyeupe inahitaji karibu volti 3, hivyo chipu hiyo ndiyo inayopandisha umeme wa betri, na ndiyo inayohisi giza limeingia na kuwasha. LED na chipu hudumu miaka. Betri ndiyo yenye uhai mfupi, na joto la ndani ya ganda la plastiki lililowekwa juani Oktoba na Novemba huzidi kuufupisha. Vumbi nalo hufunika paneli, taa inachaji nusu kila siku, na betri isiyojaa inachoka mapema. Kitambaa chenye maji kila wiki kingeokoa taa nyingi, lakini sijaona boksi lenye maelekezo hayo kwa Kiswahili.

Malalamiko ya pili ya mfanyabiashara huyo ni ya bandarini. Anadai kuwa taa zilezile zimewahi kukadiriwa kama mapambo safari moja na kama vifaa vya sola safari nyingine, na kwamba tofauti ya kodi ilimfanya auze mzigo wa pili kwa hasara. Sina nyaraka zake za forodha mkononi. Hata hivyo mkanganyiko anaousimulia unawezekana kabisa. Orodha ya kimataifa ya bidhaa za forodha, iliyorekebishwa 2022, ina fungu la taa za uzi za mti wa Krismasi na fungu jingine la taa za LED zinazotumia sola. Uzi wa vimulimuli wenye paneli yake unagusa yote mawili. Mwenye kontena zima ana wakala wa kulijengea hoja. Mwenye katoni kumi ndani ya mzigo wa kichele hana sauti; analipa kilichoandikwa.

Upande wa serikali, ofisa mmoja anayefuatilia masuala ya nishati haoni biashara ya maana hapa. Kwake namba inayotosha ni 12,318, yaani vijiji vyote vya Tanzania Bara, ambavyo serikali inasema vimefikiwa na umeme. Anaongeza bwawa la Julius Nyerere na megawati zake 2,115. Kwa hesabu hiyo taa ya sola ya uani ni anasa tu, na soko lake litajipanga lenyewe.

Namba hiyo ni kubwa, na kazi iliyofanyika haipaswi kubezwa. Lakini inahesabu vijiji, haihesabu nyumba, na Zuzu si kijiji kwenye vitabu. Ni kata ya jiji. Tangu 2022 kuunganishiwa umeme kijijini ni Sh27,000, mjini kwa umbali mfupi ni Sh320,960, na maeneo ya miji yenye sura ya kijiji yamekuwa yakigombaniwa bungeni kila bajeti. Zuzu ndiko kilipo kituo kikubwa cha kupoza umeme, na njia iliyojengwa kwa msongo wa kilovolti 400 kutoka Iringa kwenda Singida na Shinyanga inapita hapo. Jirani wa kituo hicho anayewasha ua wake kwa sola hafanyi anasa. Anapiga hesabu. Na wakati wa mgawo wa mwishoni mwa 2023 hadi mwanzoni mwa 2024, anasema yule mwenye duka, wapo walionunua vimulimuli ili waone njia ya chooni.

Kutengeneza hapa hapa? Kwa sasa ni kazi ya mafundi wa simu na redio, wanaotoa betri nzima kwenye taa iliyovunjika na kuiweka kwenye iliyokufa. Ni kazi ya maana, na ndiyo sehemu pekee ya biashara hii ambayo fedha yake yote inabaki Dodoma. Nyaya, LED na chipu za kununua kwa mfuko zingeweza kuingia kwenye kibuyu kilichotobolewa matundu, na kibuyu Ugogoni si cha kuagiza. Mpambaji wa sherehe angelipia kitu kama hicho zaidi ya anavyolipia plastiki. Kinachozuia ni kilekile: betri, na mtaji wa kuziagiza kwa wingi.

Mbele si rahisi kusomeka. Bunge la bajeti, Aprili hadi Juni, hujaza nyumba za wageni na kumbi za jiji, na kiangazi huanza humo humo. Miezi hiyo mauzo huwa mazuri, na Desemba pia. Mwenye duka anafikiria kupunguza oda ya taa na badala yake kuagiza betri tupu, ingawa anahofia zikikaa stoo bila kuchajiwa zitaharibika kabla hazijauzwa. Wapambaji wawili wamemwahidi kuzichukua. Bado hajawaomba malipo ya awali.