Jirani wa Theluji Katika Milima ya Rwenzori

Wale miongoni mwa wasomaji wetu waliowahi kutumwa doria katika milima ya Rwenzori wanaufahamu mti huu, ijapokuwa huenda hawakupata kuuliza jina lake. Ukishaipita mianzi, na kuipita miti ile iliyovaa ukoga mpaka kwenye vidole vyake, wafika mahali ambapo matope, ukungu na baridi ndio wenyeji. Hapo, katika kimo cha meta 3,500 na kuzidi, wausimamia mmea wenye shina nene kama paja la mtu, uliojifunika majani makavu kutoka shingoni hadi chini, na kichwani umebeba fungu la majani mapana mfano wa kabichi kubwa. Kwenye ukungu wa magharibi mgeni aweza kuudhania ni mlinzi aliyejifunga koti.

Wataalamu wauita Dendrosenecio adnivalis, na sisi hapa tutauita senesio. Ajabu ya kwanza ni ukoo wake. Mti huu unaofikia meta tano na zaidi ni wa jamaa moja na alizeti, na hata na kishonanguo, lile gugu linaloshikamana na suruali ya askari akitoka porini.

Koti lake si pambo. Katika milima yetu iliyo karibu na mstari wa Ikweta, kimo hicho huwa na jua kali mchana na jalidi karibu kila usiku. Giza linapoingia, majani mabichi hujikunja na kukifumbata kichipukizi kilicho katikati. Yale ya nje huweza kuganda kabisa, na asubuhi yakayeyuka pasipo kudhurika. Kile cha ndani kimehifadhiwa. Nalo shina lina moyo laini uliojaa maji, ndiyo akiba ya mti. Majani makavu yaliyolizunguka huzuia maji hayo yasigande. Uyavue majani hayo, na usiku wa jalidi utaligusa shina lenyewe. Jua likichomoza, majani ya juu yatadai maji na shina halitakuwa na la kuwapa. Mti hautaanguka siku hiyo, wala mtu aliyeyachuma hatauona ukifa, kwa maana atakuwa amekwisha kushuka.

Tena ni mti usio na haraka. Kichwa kimoja hukaa miaka mingi kabla ya kutoa ua, na kikiisha kutoa ua hufa, kisha pembeni huchipuka matagaa mapya. Kwa hiyo kila panda ya shina ni kumbukumbu ya kuchanua kwa mara moja. Ukikuta mti wenye panda tatu au nne, jua kwamba si wa miaka kumi wala ishirini.

Sasa tuje kwenye jina, kwani humo mna kisa kirefu. Mwaka 1884 Mwingereza Harry Johnston, ndiye yuleyule aliyetia sahihi Mapatano ya Buganda ya mwaka 1900, alikwenda Kilimanjaro kukusanya mimea. Mti wa namna hii alioupata huko ukaitwa Senecio johnstonii kwa heshima yake. Baadaye wasafiri wengine walileta mimea ya namna hiyo kutoka Rwenzori, Elgon, Mlima Kenya na Virunga, na kila mtaalamu akatoa jina lake. Otto Stapf, aliyefanya kazi katika bustani ya Kew karibu na London, ndiye aliyeupa ule wa Rwenzori jina la adnivalis, maana yake ulio karibu na theluji.

Polisi watalielewa jambo hili upesi kuliko raia wengine. Jina la mmea halisimami kwa maneno matupu. Husimama juu ya kielelezo. Tawi na majani hukaushwa, hubandikwa kwenye karatasi, na pembeni huandikwa aliyeyachuma, tarehe, mahali na kimo. Ukitokea ubishi, hata baada ya miaka mia, kielelezo hutolewa kabatini na kuchunguzwa upya.

Na ubishi ulitokea. Mwaka 1973 Mwingereza David Mabberley alichunguza mimea hii na kuona kwamba mingi ya milima mbalimbali ni mti mmoja tu wenye sura nyingi, akaiweka chini ya jina lile la Kilimanjaro. Mwaka 1978 Msweden Bertil Nordenstam akaitenga mimea hiyo na magugu ya jamii ya Senecio, ambayo ni zaidi ya elfu moja, akaipa jenasi yake yenyewe. Kisha mwaka 1993 Mmarekani Eric Knox akarudia kazi yote na kuhesabu spishi 11. Miaka miwili baadaye yeye na Jeffrey Palmer walichunguza vinasaba, wakaona kwamba yaelekea mababu wa miti hii walianzia Kilimanjaro, na mbegu zikasafiri kwa upepo kutoka mlima hadi mlima.

Mtu aweza kusema hayo ni mabishano ya wasomi. Sisi hatuoni hivyo. Ikiwa miti yote ni spishi moja, basi ukitoweka ule wa Rwenzori bado wengine wapo. Lakini ikiwa Knox ana haki, na leo hesabu yake ndiyo inayofuatwa, adnivalis makao yake ni Rwenzori, upande wa Uganda na upande wa Kongo. Hakuna kwingine kwa kwenda kuomba mbegu. Nduguye, Dendrosenecio erici-rosenii, ana nafuu kidogo, maana yuko pia Virunga, ambako askari wa Uganda, Rwanda na Kongo wanapakana.

Theluji iliyompa jina inakwisha. Mwaka 1906, Mtawala wa Abruzzi kutoka Italia alipozipanda na kuzipima ncha za Rwenzori, barafu ilikuwa juu ya milima sita. Ilipofika mwaka 2005 ilikuwa imebaki juu ya mitatu tu: Stanley, Speke na Baker, tena vipande vidogo. Mwezi Februari 2012 moto uliteketeza mimea hata kupita kimo cha meta 4,000, mahali ambapo watu walizoea kudhani kwamba hapawezi kuwaka kwa unyevu. Mwaka uliofuata, tarehe 1 Mei, mto Nyamwamba ulifurika na kuleta maafa Kilembe na Kasese. Mimea ya juu ndiyo sponji ya mito ile.

Vita navyo vilipita humo. Mbuga ya Taifa ya Rwenzori, iliyoanzishwa mwaka 1991, ilifungwa kuanzia 1997 hadi 2001 kwa sababu ya waasi wa ADF, na tangu 1999 hadi 2004 ilikuwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ulio hatarini. Askari waliopigana huko walilala kwenye maji na jalidi. Hatuwezi kumlaumu mtu aliyekuwa anatetemeka kwa kuvunja majani makavu ili awashe moto, kwani baridi ya kimo kile huua kama risasi. Lakini doria ya siku hizi hupangwa mapema, na jiko dogo la mafuta ya taa, likipakiwa tangu kambini chini, lapika chai upesi kuliko shina la senesio, ambalo moyo wake ni maji matupu na moshi wake huonekana mbali.

Kwa upande wa polisi, Sheria ya Wanyamapori ya Uganda ya mwaka 2019 haihusu wanyama peke yao, ijapokuwa jina lake lasikika hivyo. Mmea wa porini pia umo katika tafsiri yake. Anayeshikwa na magogo ya senesio kutoka ndani ya mbuga ana la kujibu. Anayemshika na achukue kichwa kizima chenye majani, na kipande cha shina pamoja na koti lake, aandike mahali, kimo na tarehe, kisha avikaushe kati ya magazeti kabla havijaoza. Jani moja lililokunjwa mfukoni halitamsaidia mtaalamu kusema ni adnivalis au ni erici-rosenii.