Wazee Wetu na Picha za Mgongo: Si Kila Kipimo Ni Msaada



Maombi ya msaada wa matibabu ya wazee yanayotufikia kutoka parokiani hufanana. Mzee ameumwa kiuno wiki mbili au tatu, jamaa wamechangishana, mbuzi wameuzwa, na sasa kamati inaombwa kumalizia gharama ya CT skani au MRI mjini. Nia ni njema, kwani kila mtoto humtakia mzazi wake kilicho bora. Hata hivyo, tunaona ni wajibu wetu kueleza kwa nini maombi haya yasipitishwe haraka haraka.

Mgongo huzeeka kama nywele zinavyoota mvi. Mwaka 2015 watafiti walijumlisha matokeo ya picha za mgongo za watu zaidi ya 3,000 wasio na maumivu yoyote. Diski zilizochakaa zilionekana kwa asilimia 37 ya wenye umri wa miaka 20, na asilimia 96 ya wenye miaka 80. Maana yake, karibu kila mzee akipigwa picha, kasoro itaonekana, hata kama siyo inayomuumiza. Hapo huzaliwa hofu, vipimo vingine, na pengine upasuaji usio wa lazima.

Ndiyo maana katika kampeni ya Choosing Wisely, iliyoanza Marekani mwaka 2012, vyama vya madaktari vilishauri kutopiga picha za kiuno ndani ya wiki 6 za mwanzo, isipokuwa kuna dalili za hatari. Wagonjwa wengi hupata nafuu wakiendelea kutembea na kufanya kazi nyepesi.

Dalili za hatari ni hizi:

- Mzee ameanguka au kuumia.
- Ana homa, anatoka jasho usiku au anakonda. Kifua kikuu hushambulia hata uti wa mgongo.
- Aliwahi kuugua saratani.
- Miguu inaishiwa nguvu, ana ganzi sehemu za siri, au ameshindwa kuzuia au kutoa haja. Huyu apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Mwenye dalili hizi asicheleweshwe kwa sababu ya fedha. Kwa wengine, tunaomba kamati imuulize daktari maswali matatu: Anashuku ugonjwa gani? Matokeo ya picha yatabadilisha matibabu? Tukisubiri, kuna hatari gani?

Kutolipia picha isiyohitajika si kumtupa mzee. Fedha hizo zinaweza kuwa nauli ya kliniki, dawa za presha, mkongojo, au malipo ya mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Na mzee ambaye hakupigwa picha atembelewe nyumbani, aulizwe hali yake, na dalili zikibadilika arudishwe kwa daktari.

 Mchango wa wahisani umfikie mzee kwa namna itakayompa nafuu kweli.