Aliyeumwa na Nyoka Akiona Unyasi Hushtuka

Katika majarida ya shule tumezoea kusoma juu ya ukimwi, dawa za kulevya na mimba za mapema. Hayo ni mambo mazito na sitayadharau. Lakini mimi nimeonelea niandike juu ya jambo ambalo sijawahi kuliona likitahiniwa katika insha, nalo ni namna ya kuishi na rafiki aliyetibiwa saratani akapata nafuu, ila kila uchao anaogopa kwamba itarudi.

Ninaye rafiki wa namna hiyo, mzaliwa wa Nyamira, tunayelala naye bweni moja hapa Kisii. Jina lake nitalibana. Ameyasoma makala haya na kuyakubali, isipokuwa sentensi mbili ambazo alinilazimisha nizifute.

Alichougua kinaitwa saratani ya Hodgkin, kutokana na Thomas Hodgkin, daktari wa London aliyeieleza mwaka 1832. Hushika tezi za mwili, na huwapata sana vijana. Tusiichanganye na ile ya Burkitt, inayovimbisha taya za watoto wadogo katika sehemu zenye malaria nyingi kama kandokando ya Ziwa Viktoria, ambayo Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 alipokuwa akifanya kazi Kampala. Ya rafiki yangu ilianza kwa uvimbe shingoni usiouma, kisha homa, jasho la usiku na kukonda. Alitibiwa Eldoret, katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi. Kwa miezi sita yeye na mama yake walipanda matatu kupitia Kisumu na Kapsabet kwenda kutiwa dripu. Mojawapo ya dawa za saratani hiyo hutolewa katika lile ua dogo la waridi au jeupe, la asili ya Bukini, ambalo watu wengi hulipanda mbele ya nyumba kwa urembo tu. (Msithubutu kulitafuna, jameni! Ni sumu.)

Sasa mtauliza, kama ametibiwa, anaogopa nini? Hata mimi niliuliza hivyo. Jibu ni kwamba daktari hakumwambia "umepona". Alimwambia "hatuoni ugonjwa", na maneno hayo mawili hayalingani. Chembe chache za saratani zaweza kubaki zimejificha mahali ambapo hata picha ya mashine haizioni. Ndiyo sababu mgonjwa huitwa kliniki tena na tena. Hodgkin ni miongoni mwa saratani zinazotibika vizuri kabisa, na wengi haiwarudii. Ikirudi, mara nyingi hurudi katika miaka miwili au mitatu ya kwanza. Baada ya hapo hatari hupungua mwaka hata mwaka, na ikifika miaka mitano madaktari wengi huanza kulitaja neno kupona. Rafiki yangu yuko katika mwaka wa pili. Hofu yake basi si wazimu wala si deko, ina hesabu yake.

Tena kuna shida nyingine. Tezi za shingo huvimba kwa mafua yoyote yale. Baridi ya Julai ikiingia huku milimani kwetu, bweni zima linakohoa. Sisi wengine tukivimba tezi tunalalamika kidogo, tunakunywa chai, basi. Yeye akiigusa tu, chakula hakiliki. Na wiki ya kuelekea kliniki ndiyo mbaya zaidi. Tukiwa maandalioni jioni utamwona amefungua kitabu, mkono uko shingoni, ukurasa haugeuki.

Watu humwambia, "Wee, usijali, haitarudi." Wengine humwambia ati kuogopa ni kukosa imani. Wanasema kwa nia njema, lakini ukweli ni kwamba hakuna anayejua, na yeye anajua kwamba hawajui. Aliniambia, "Nikiambiwa hivyo nanyamaza, nisije nikaonekana sina shukrani." Kwa hiyo maneno ya kufariji humfungia mlango, akabaki na hofu yake peke yake. Mimi naona ni afadhali kumwuliza, "Leo unaogopa nini hasa?" halafu kunyamaza na kusikiliza. Mara nyingi ni kitu kimoja kidogo chenye jina.

Tulimwendea muuguzi akatufafanulia. Tezi ya mafua kwa kawaida huuma ukiigusa, na hupungua mafua yakiisha. Ile isiyouma, inayoendelea kukua, au inayodumu zaidi ya wiki mbili, huonyeshwa daktari bila kungojea siku ya kliniki. Vivyo hivyo homa isiyo na sababu na jasho la kulowesha shuka. Tangu siku hiyo tuna kalenda ndani ya kifuniko cha sanduku lake. Tezi ikitokea, anatia alama tarehe hiyo, na kuminya shingo ovyo ni marufuku, kwa maana ukiiminya mara ishirini kwa siku itauma tu hata kama huna kitu. Hadi leo hakuna alama iliyofika wiki mbili. Siku ya kliniki mimi humnakilia masomo yote, na akirudi simwulizi mbele ya watu. Hungoja aseme mwenyewe.

Kuna jina moja ambalo watu hupenda kulitaja hapa kwetu, la marehemu Dkt. Joyce Laboso, gavana wa Bomet, ambao ni majirani zetu ng'ambo ya Borabu. Aliugua saratani kwa mara ya kwanza mwaka 1991, na ni saratani iliyomwondoa tarehe 29 Julai 2019. Wenye kumtaja husema, "Unaona? Hurudi tu." Mimi humtaja kwa ajili ya ile miaka 28 iliyo katikati. Ndani yake alifundisha Chuo Kikuu cha Egerton, akawa mbunge wa Sotik, akawa Naibu Spika wa Bunge la Taifa, kisha gavana. Nilipomhesabia rafiki yangu hayo yote hakusema kitu, lakini jioni ile alikula githeri yake yote na kunusia yangu.

Usiku mmoja taa zikiwa zimezimwa aliniuliza kutoka kitanda cha juu, "Na ikirudi?"

Nilimweleza nilichosikia kwa muuguzi, kwamba hata ikirudi kuna dawa nyingine zenye nguvu zaidi, na wako wanaopona mara ya pili. Nikamwambia pia kwamba safari hiyo ya Kapsabet tutaipanda sote.

Alikaa kimya muda mrefu, halafu akasema kwamba nauli nitalipa mimi.