Picha ya Jalada la Jarida la Wanafunzi: Nani Aonekane?

Jarida la wanafunzi wa Kiswahili hupewa mwezi mzima kwa ajili ya makala na siku moja kwa ajili ya jalada. Siku hiyo moja ndiyo huwa na ubishi kuliko mwezi wote. Wako wanaotaka nembo ya chuo, wako wanaotaka mchoro, na hakosekani mmoja mwenye picha ya jahazi aliyoipata kwenye intaneti. Mara nyingi jahazi ndilo hushinda. Kwa sababu hiyo nimeona niandike machache kuhusu uteuzi wa picha hii, nikiwalenga wanafunzi wahariri pamoja na walimu wanaowalea.

Jahazi si picha mbaya. Lakini jarida letu linatoka Uganda, nchi isiyo na pwani, na wengi wa waandishi wake hawajaiona bahari. Kabla msomaji hajafungua ukurasa wa kwanza, jalada limekwisha mwambia kwamba Kiswahili ni mali ya watu wengine na sisi ni wageni tu. Hapa kwetu ujumbe huo una madhara. Kwa miaka mingi lugha hii ilihusishwa na kambi za jeshi na watu wa mabavu. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yaliitaja kuwa lugha rasmi ya pili, lakini ilibidi kungoja hadi Julai 2022 ndipo Baraza la Mawaziri likaidhinisha utekelezaji. Mwanafunzi anayesomea Kiswahili bado huulizwa na shangazi zake kama anataka kuwa askari. Jalada analolibeba kwenda nalo nyumbani wakati wa likizo linaweza kumsaidia kujibu.

Picha ya pili inayopendwa ni ya mahafali, vijana wamevaa majoho wakirusha kofia juu. Hiyo nayo ingefaa jarida la idara yoyote, hata ya uhasibu. Haisemi lolote kuhusu lugha.

Swali la kuanzia, basi, ni hili: Kiswahili kinazungumzwa wapi karibu nasi, na nani? Majibu yako mengi. Wapo madereva wa malori pale Mutukula, wapo wasafiri wa West Nile katika Arua Park, Kampala. Mimi binafsi ningewatuma wapiga picha Busia. Mwendesha bodaboda anayepatana nauli na abiria wake hapo mpakani amebeba historia ya neno zima: inasimuliwa kwamba waendesha baiskeli wa mji huo walikuwa wakiwaita abiria wa kuvushwa kutoka boda moja, yaani mpaka, hadi boda nyingine. Mwalimu wa mofolojia atapata mifano ya utohozi na uradidi kwenye jalada lenyewe bila kufungua kitabu. (Majengo ya forodha na askari msiwapige picha bila ruhusa, mtapoteza kamera na siku.)

Hata hivyo, bodaboda huyo ni mtu, si kielelezo cha sarufi. Wasomaji wengi wanaifahamu picha ya msichana wa Afghanistan mwenye macho ya kijani, iliyotoka kwenye jalada la National Geographic la Juni 1985. Alipigwa picha hiyo akiwa mkimbizi nchini Pakistan. Uso wake ulizunguka dunia nzima, lakini wenye gazeti hawakulijua jina lake hadi mwaka 2002, walipomtafuta na kumpata: Sharbat Gula. Miaka yote hiyo hakuwa ameiona picha yake. Ikiwa gazeti kubwa namna hiyo liliweza kuchapisha uso bila jina, kikundi cha wanafunzi wenye simu kitaweza kwa urahisi zaidi. Nchini kwetu Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 imeipa idhini ya mtu uzito mkubwa, na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2006 inamlinda mpiga picha. Kwa hiyo hata lile jahazi la intaneti lina mwenyewe. Mwombeni mhusika ruhusa kwa lugha anayoielewa vizuri, mwelezeni kwamba picha itakuwa mbele ya jarida na si ndani, na akikataa mshukuruni mwende zenu.

Kuhusu ufundi nitasema kwa ufupi. Pigeni picha simu ikiwa imesimamishwa wima. National Geographic hao hao, katika toleo la Februari 1982, walikuwa na picha pana ya piramidi za Giza; ili ienee kwenye jalada lililosimama, wakazisogeza piramidi kwa kompyuta. Walilaumiwa mno. Acheni nafasi juu ya kichwa cha mtu kwa ajili ya jina la jarida, na milimita 3 kila upande zitakazokatwa na mashine. Ukurasa wa A4 unahitaji picha ya pikseli 2480 kwa 3508 hivi ili itoke safi. Picha iliyotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa, na mchapaji wa Nasser Road atachapa kile alicholetewa. Afadhali ipelekwe kwa flashi.

Ndani ya jalada, kwenye ukurasa wa wahariri, andikeni nani anaonekana (kama ameridhia jina litajwe), ni wapi, tarehe gani, na nani aliyepiga picha. Kisha wekeni pembeni nakala moja ya jarida na nauli ya mtu mmoja wa kumpelekea mwenye sura.