Nyimbo Elfu Kumi Kando ya Kitanda: Pesa Yako Iende Wapi

Kama nyimbo zako zimefika elfu kumi na unataka kuzisikiliza ukiwa umejilaza, usianze kwa kuulizia spika yenye mdundo mkubwa. Uliza kwanza chombo hicho kitakufikishaje kwenye wimbo wa elfu saba na kitu bila kubonyeza kitufe cha mbele mpaka usingizi ukupotee. Sauti ya kutosha chumba cha kulala inapatikana kwa bei ndogo. Kinachosumbua ni kuupata wimbo unaoutaka, na vyombo vingi vya bei ya chini haviwezi kukusaidia hapo.

Nazungumza na mtu mwenye shilingi laki moja au chini ya hapo. Bei nitakazotaja ni kipimo cha kwenda nacho Kariakoo. Duka hadi duka zinapishana, na mikoani ongeza kidogo.

Tupige hesabu ya nafasi. Wimbo wa MP3 wa kbps 128, kiwango kilichojaa kwenye flashi nyingi za mtaani, unachukua karibu MB moja kwa kila dakika. Wimbo wa dakika nne ni MB nne, kwa hiyo elfu kumi ni kama GB 40. Uliyehifadhi kwa kbps 320 zidisha mara mbili na nusu, ufike karibu GB 100. Mpenzi wa taarabu asihesabu idadi ya nyimbo, ahesabu dakika, maana wimbo mmoja wa dakika kumi na mbili unakula nafasi ya nyimbo tatu za bongo fleva. Na usikubali fundi akutoze hela ya "kuongeza ubora" kwa kugeuza nyimbo zako za zamani za dansi kutoka 128 kwenda 320. Faili litakuwa kubwa, sauti itabaki ileile.

Hiyo GB 40 ndiyo inayoleta shida. Kadi za memori hadi GB 32 hutoka kiwandani zikiwa kwenye mfumo wa FAT32, ambao karibu kila redio inausoma. Kuanzia GB 64 hutoka kwenye mfumo mwingine, exFAT, na redio nyingi za bei nafuu hazisomi exFAT. Unachomeka kadi mpya, redio inaandika hitilafu au inakaa kimya, unadhani umeuziwa redio mbovu, unairudisha, muuzaji anachomeka kadi yake ya GB 8 na redio inaimba vizuri. Hapo umeshapoteza nauli ya kwenda na kurudi na hakuna wa kukulipa.

Dawa ziko mbili. Ya kwanza ni kuifomati kadi ya GB 64 upya kwa FAT32 kwenye kompyuta, kwa programu ya bure. Kifaa cha kawaida cha kufomati cha Windows kwa muda mrefu hakikuruhusu FAT32 kupita GB 32, kwa hiyo fundi wa kibandani anaweza kukuambia haiwezekani. Inawezekana. Ya pili, na ndiyo ninayoipenda zaidi, ni kununua kadi mbili za GB 32. Moja weka taarabu na dansi, nyingine bongo fleva na injili, au utakavyogawa mwenyewe. Ikifa moja, hujapoteza vyote. Kadi halali ya GB 32 iandalie shilingi elfu kumi na tano hadi ishirini.

Halafu kuna kadi za bandia. Ukiona kadi imeandikwa TB 1 na inauzwa elfu thelathini, iache hapo hapo. Kadi hizo huwa na nafasi ndogo sana ndani, pengine GB 16 au 32, ila zimechezewa zijitangaze kuwa kubwa. Ubaya wake ni kwamba zinapokea. Unanakili nyimbo zote, majina yote unayaona, halafu nyimbo za mwisho hazipigi au zinakwama katikati. Programu ya bure inayoitwa H2testw inaijaza kadi yote na kukuambia nafasi yake ya kweli. Kama huna kompyuta, ijaze nyimbo mpaka pomoni, kisha piga chache za mwanzo na zile ulizoingiza mwisho. Zote zikiimba bila kukwama, kadi huenda ni nzima.

Sasa vyombo vyenyewe.

Redio ndogo ya flashi, ile inayokaa kiganjani, inapatikana kila mahali kuanzia elfu ishirini hadi arobaini. Inapokea FM, flashi na kadi, na nyingi siku hizi zina Bluetooth. Ukichagua hii, chukua yenye vitufe vya namba, sifuri hadi tisa. Tofauti ya bei na ile isiyo na namba ni ndogo, lakini tofauti ya matumizi ni kubwa mno. Yenye namba unaandika 2315 na inaruka moja kwa moja mpaka wimbo wa 2315. Isiyo na namba inakupa mbele na nyuma tu.

Ila ujue namba hizo zinatoka wapi. Redio nyingi za aina hii hazifuati herufi A hadi Z. Zinafuata mpangilio ambao nyimbo zilinakiliwa kwenye kadi. Kwa hiyo ukitaka nyimbo za msanii mmoja zikae pamoja, nakili folda moja baada ya nyingine, usizivute zote kwa mkupuo. Kisha chukua daftari uandike kila folda inaanzia namba ngapi: dansi la zamani 1, taarabu 1,840, injili 3,100. Kazi hiyo ni ya jioni moja, na nyimbo mpya ukiziweka kwenye folda mpya ya mwisho, daftari lako haliharibiki. Jaribu pia dukani kama kioo chake kinafika namba yenye tarakimu nne. Vipo vinavyoishia 999.

Angalia betri kabla ya kulipa. Redio nyingi ndogo hutumia betri ya BL-5C, ile bapa iliyokuwa kwenye simu za vitufe. Hiyo ni habari njema, kwa sababu ikichoka unaifungua kwa kucha na kununua nyingine kwa elfu chache tu. Redio ambayo betri yake imechomelewa ndani, siku ikifa ni fundi na gharama yake, au unaitumia ikiwa kwenye umeme tu.

Kuna kero moja ambayo dukani huioni. Vyombo vingi vya Bluetooth vikiwashwa hutoa sauti ya kike ikitangaza kwa Kiingereza kwamba kifaa kiko tayari, na tangazo hilo linatoka kwa sauti kubwa hata kama umepunguza muziki. Saa sita usiku, mtoto amelala pembeni, hilo ni tatizo. Ukiwa dukani kiwashe na ukizime mara mbili tatu usikie. Tazama na taa. Spika inayomulika rangi za disko usiku kucha bila kitufe cha kuzima taa haifai kukaa kando ya mto.

Chaguo ambalo naliona bora kwa mwenye mkusanyiko mkubwa ni simu janja ya zamani, ile iliyo kwenye droo kwa sababu kioo kimepasuka au kamera imekufa. Ukiwa nayo, chombo hiki hakikugharimu sana, maana unanunua kadi na spika tu. Unaandika herufi tatu za jina la msanii na nyimbo zake zote zinajitokeza. Programu za bure za kupiga muziki bila intaneti zinakumbuka ulipoishia, na nyingi zina kipima usingizi: unaiambia izime baada ya dakika thelathini na inazima. Redio ya flashi kwa kawaida haina hicho. Itaimba mpaka betri iishe, na lithiamu inayokaushwa kila usiku inachoka mapema.

Simu hiyo usiiwekee laini. Iweke kwenye hali ya ndege, ondoa programu zisizohitajika, na betri itakaa muda mrefu zaidi. Ichaji mchana, usiku itumie bila waya, na usiiweke chini ya mto inapochajiwa. Betri ya simu kuukuu ikianza kuvimba na mfuniko kuinuka, acha kuitumia siku hiyohiyo.

Kama huna simu ya zamani, ya mtumba utaipata kwa elfu themanini hadi laki na nusu. Kabla hujatoa pesa hakikisha ina tundu la kadi, maana simu nyingi hazina, na tundu la duara la earphone. Muulize muuzaji inapokea kadi hadi GB ngapi. Simu za miaka ya nyuma ziko zinazoishia GB 32.

Kwa spika, usibabaishwe na wati zilizoandikwa kwenye boksi. Ukiona "PMPO" pembeni ya namba kubwa, ipuuze, hicho si kipimo cha sauti utakayoisikia. Tazama chaja yake. Chaja ya volti 5 na ampea 1 inatoa wati 5, na spika inayotegemea chaja hiyo haiwezi kukupa wati 60 usiku kucha hata boksi liapishwe. Kwa chumba cha kulala wati 3 hadi 5 za kweli zinatosha. Elfu ishirini na tano hadi arobaini inakupa spika nzuri yenye tundu la AUX. Sisitiza AUX. Waya wa elfu mbili hautangazi chochote kwa Kiingereza na haukatikikatiki, na unazipunguzia betri za simu na spika mzigo wa Bluetooth.

Sabufa ni suala jingine. Laki moja na kuendelea, inasikika vizuri, rimoti yake ina namba, na ndiyo chombo ambacho fundi yeyote wa mtaani anakijua. Lakini umeme ukikatika imelala, na besi yake haikai chumbani mwako. Kwenye nyumba ya kupanga, jirani wa ukuta wa pili anaisikia kuliko wewe. Kwa umeme haikutishi: ikila wati 30 kwa saa tatu, ni chini ya sehemu ya kumi ya uniti, kama shilingi 30 na kitu kwa walio kwenye bei ya zaidi ya shilingi 350 kwa uniti. Inunue kwa ajili ya sebule. Kama tayari unayo sebuleni, usinunue ya pili.

Wengi watasema: kwa nini usumbuke na kadi wakati nyimbo zote ziko mtandaoni? Tuhesabu. Kusikiliza kwa kbps 160 saa mbili kila usiku ni MB 144, na kwa mwezi ni GB 4.3. Ikiwa GB moja unainunua shilingi 2,000, hiyo ni 8,600 kwa mwezi na zaidi ya laki moja kwa mwaka, kabla ya ada ya huduma yenyewe. Ukiwa na mazoea ya kuweka video ya wimbo huku umefumba macho, bando linaisha haraka zaidi, kwa picha usiyoitazama. Na ada hiyo haikuachii kitu. Mwezi usipolipa, nyimbo ulizopakua ndani ya programu hazifunguki. Mtandaoni ni pazuri kwa kusikia vipya kabla ya kuamua. Kwa mtu ambaye tayari ana nyimbo elfu kumi zake mwenyewe, kuzilipia tena kila mwezi ni hasara.

Laptop kuukuu inafaa kwa mwenye GB 200 na zaidi. Inasoma diski ya nje, na kutafuta wimbo ni rahisi. Lakini feni yake inavuma usiku, kioo kinamulika, na ikila wati 40 kwa saa nane ni shilingi mia na kitu kila usiku, zaidi ya elfu tatu kwa mwezi. Wazo la kuchomeka diski ya nje moja kwa moja kwenye redio ndogo liache. Tundu la redio halitoi umeme wa kutosha kuizungusha, na diski nyingi ziko kwenye mfumo ambao redio haiusomi.

Gharama zinazojificha ni hizi za kuuliza kabla ya kulipa: je, bei ina chaja ndani? Waya wa AUX upo? Kadi ipo, au ile ya kwenye picha ya boksi ni pambo? Waranti ni ya miezi mingapi, na inahusu betri? Wauzaji wengi wanaposema waranti wanamaanisha utaondoka dukani kikiwa kinawaka. Dai risiti ya EFD yenye jina la bidhaa, kwa sababu ukirudi wiki ijayo bila risiti huna hoja.

Nenda dukani na kadi yako mwenyewe iliyojaa nyimbo zako mwenyewe. Muuzaji atataka kukujaribishia kwa flashi yake yenye nyimbo thelathini, na kwa nyimbo thelathini kila chombo ni kizuri. Chomeka yako, hesabu inachukua sekunde ngapi kuanza kuimba, nenda wimbo wa elfu tatu, zima, washa, uone kama inakumbuka ulipokuwa. Chombo kinachorudi wimbo wa kwanza kila kikizimwa kitakufanya usikie nyimbo zilezile ishirini mwaka mzima.

Mwenye elfu hamsini na hana simu ya akiba achukue redio ya vitufe vya namba yenye betri ya kubadilisha, pamoja na kadi moja ya GB 32 iliyojaribiwa, na ya pili aiongeze baadaye. Mwenye simu ya droo na elfu sabini achukue kadi ya GB 64, spika yenye AUX na waya. Mwenye laki moja afanye hivyohivyo, na elfu thelathini inayobaki asiiongeze kwenye spika kubwa zaidi. Anunue kadi ya pili, anakili kila kitu, aifunge kwenye bahasha na kuiweka kwa ndugu au kabatini, kwa sababu kadi za memori hufa bila dalili, na kuna rekodi za zamani ambazo hakuna kibanda Kariakoo kitakachoweza kukuingizia tena.